Ndoa za Skrini za Corwin Tueller

Siku Corwin Tueller alipogundua kwamba watu wanaweza kuoana bila kukutana, alikuwa ndani ya pikapu yake kwenye foleni ya magari ya duka la soda mjini Orem, mfukoni ana dola kumi na moja na rohoni ana majonzi. Biashara yake ya dawa ya mchwa, aliyokuwa akiiuza nyumba kwa nyumba, ilikuwa imekufa wiki hiyohiyo. Dawa ilionekana kuwa maji yaliyotiwa rangi ya bluu, na waliotoa ushahidi ni mchwa wenyewe, kwa kunenepa.

Gari la jirani lilikuwa na wanawake wawili, madirisha wazi.

"Sasa wifi yako alikuwa wapi?" mmoja aliuliza.

"Manila. Kaka yuko kazini Dubai. Na aliyewafungisha ndoa yuko Provo hapo, juu kavaa tai, chini kaptula. Alisimama kuchukua maji tukamwona wote, hadi bibi."

"We! Na hiyo ni ndoa?"

"Ndoa kamili. Leseni wanaomba kaunti kwa simu, mtu anawafungisha kwenye video, mashahidi wawili, kwisha. Huko waliko inatambulika."

"Na huyo wa kaptula analipwa?"

"Shosti, analipwa vizuri kuliko mimi."

Corwin alipofika dirishani aliagiza soda ya nazi na krimu, kopo kubwa kuliko yote, ingawa ilimega nusu ya utajiri wake. Mtu aliyeonyeshwa maisha yake ya baadaye hanywi kikopo kidogo.

Alikuwa na miaka hamsini na minane, mrefu, mvi zimempanda pembeni kwa adabu, na sauti iliyoweza kukushawishi kwamba umelowa hali umesimama juani. Katika maisha yake alikwisha kuuza vidonge vya ujana, mitambo ya jua iliyopenda kivuli, na kozi ya kuwafundisha watu jinsi ya kuuza kozi. Maskini hakuwaibia kamwe. Alisema wana maswali mengi mno.

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja Springville, kwa Twila Nebeker. Twila alikuwa mshona mavazi ya michezo ya kuigiza ya shule, mwanamke mfupi, mkavu, mwenye pini mdomoni muda wote. Walifahamiana miaka sita nyuma, Twila alipokuja kudai pesa yake ya vidonge vya ujana. Walibishana mlangoni kwa saa mbili, na tangu siku hiyo wakawa washirika.

"Twila, chumba chako cha chini kina nini?"

"Cherehani, kichwa cha punda, na pazia lenye mlima."

"Pazia lenye mlima!" Corwin akafumba macho kama aliyesikia jina la mchumba wake. Akamweleza mpango wote.

Twila akatoa pini mdomoni, jambo alilolifanya kwa nadra. "Kwa hiyo leseni tunawaombea kaunti."

"Leseni ya nini? Kaunti inataka ada, inataka vitambulisho, inamtazama mtu usoni. Sisi tunawapa cheti. Cha waridi, kina njiwa wawili na muhuri wa dhahabu."

"Basi hawatakuwa wameoana."

"Wataoana moyoni, Twila. Kuna mahali pakubwa kuliko moyoni?"

"Ofisi ya uhamiaji," Twila alisema.

Corwin alimpigapiga begani. "Wewe shika fomu na barua pepe. Mimi nitashika mapenzi. Na biashara iandikwe kwa jina lako. Langu lina harufu kidogo kwa sasa."

"Sawa," alisema Twila, akarudisha pini mdomoni.

Wateja wa kwanza walikuwa Yaniv na Oksana, wa Haifa. Kwao hakukuwa na mtu wa kuwafungisha ndoa, maana mmoja alikuwa wa dini hii na mwenzake hana hii wala ile. Walijazana mbele ya kompyuta na jamaa kumi na watano, na katikati yao alikaa bibi yake Yaniv, Fruma, keki imempakata badala ya yeye kuipakata, kwa ukubwa wake.

"Kijana," Fruma alisema, na mjukuu akawa anamtafsiria, "wewe ni mchungaji kweli?"

"Mama, mimi ni wa kweli kama mlima ulio nyuma yangu."

Bibi akasogeza miwani. "Mlima wako una mkunjo."

"Ni bonde, mama."

"Bonde linapepea."

"Kwetu kuna upepo sana," alisema Corwin, na kabla bibi hajauliza la tatu akaanza hotuba. Lo, hotuba ile! Aliongea juu ya mikono miwili inayotafutana gizani, juu ya kikombe kimoja cha chai na midomo miwili, na mwisho akalia. Kulia kwake hakukuwa maigizo kabisa. Alikuwa mmoja wa watu wanaoweza kukuibia na kukuhurumia kwa wakati mmoja. Alipotamka kwamba sasa ni mke na mume, bibi Fruma aliinama akaibusu skrini, ikajaa krimu ya keki hata wasionekane watu.

Twila, aliyekuwa ameshika taa pembeni, alitazama ile krimu kwa muda mrefu.

Biashara ilishika moto. Wakaja manesi, wanajeshi, wanafunzi walionyimwa viza, madaktari wa zamu wenye dakika kumi tu. Miaka miwili ikapita, na jambo moja lilimshangaza Corwin: hakuna aliyelalamika hata siku moja. Dawa ya mchwa ililalamikiwa baada ya wiki tatu. Vidonge vya ujana, siku nne. Lakini hawa walituma picha za watoto!

"Ni ule muhuri," alimwambia Twila. "Dhahabu imetulia, haipigi kelele."

"Bila shaka," Twila alijibu.

Ndipo alipopiga simu Bi LaVon Peery.

Alipiga kuulizia ndoa ya mpwa wake, wakaishia kuzungumza saa nzima. Alikuwa mjane wa miaka sitini na minane, huko Sanpete, mwenye bata mzinga elfu sita na nyonga moja mbovu. Katika maongezi akataja, kwa kupitia tu, kwamba barabara mpya imepita ubavuni mwa shamba na kwamba wajenzi wa nyumba wanamsumbua kwa barua.

"Barua za namna gani, Bi LaVon?" Corwin aliuliza kwa sauti laini kama siagi.

"Za matusi. Sifuri nyingi mno."

Jumapili iliyofuata Corwin alikuwa mezani kwake, mbele yake viazi vya jibini, paja la nguruwe, na jeli ya kijani yenye karoti ndani. Alikula yote, hata jeli. Akarudi Jumapili ya pili, na ya tatu. Alimsimulia habari za "rafiki yake mmoja" aliyewahi kuuza dawa ya mchwa, na Bi LaVon alicheka hadi akajifuta macho kwa aproni, akamwomba airudie tangu mwanzo. Corwin aliporudi nyumbani siku hiyo aligundua kwamba alikuwa akiimba ndani ya gari. Akalaumu jeli.

"Nimemposa," alimwambia Twila. "Kakubali. Anataka ndoa ya video, hapohapo jikoni kwake. Nyonga haimruhusu kushuka ngazi zako."

"Na atakayewafungisha?"

"Wewe. Ndoa ya kwetu, ya njiwa na muhuri. Wiki ya pili anaandika jina langu kwenye hati ya shamba, kama mke yeyote ampendaye mumewe. Ya tatu nauza sehemu yangu kwa wale wa sifuri nyingi. Ya nne niko Nevada. Talaka haipo, maana ndoa haikuwapo. Mshono safi au si safi?"

"Na yeye?"

"Atabaki na kumbukumbu nzuri. Wangapi wanazo?"

Twila akachukua simu yake. "Basi nipe sura yako."

"Ya nini?"

"Ya tovuti. Shika leseni yako ya udereva hapa kifuani. Geuka kushoto. Kulia. Mbele. Sasa weka saini kwa kidole hapa. Na hapa. Na huku chini."

Corwin aligeuka kushoto kwa moyo mkunjufu, akijua huo ndio upande wake mzuri, na akasaini kote bila kusoma. Mtu ambaye fomu zake zote ni za uongo hapotezi muda na za wenzake.

Siku ya harusi, saa nne asubuhi, kompyuta iliwekwa juu ya debe la unga. Mashahidi walikuwa dada zake Bi LaVon, Afton na Norda, wanawake wawili wenye nywele zilizosimama kama meringi, lile povu la mayai lililookwa. Kwenye skrini alitokea Twila, amevaa joho jeusi la mchezo fulani wa mahakamani, mlima unapepea nyuma.

"Corwin Tueller," alisema, "unamkubali LaVon Peery awe mke wako wa halali?"

Corwin akageuka kumtazama bibi harusi. Alikuwa amepaka rangi ya mdomo, imevuka mpaka kidogo upande mmoja, na alikuwa akimtazama kama mtu anayesubiri mzaha umalizike ili acheke. Kwa nukta mbili hivi Corwin alisahau Nevada iko upande gani.

"Namkubali," alisema.

Wakala keki. Norda akapiga kinanda, Afton akamkataza. Saa moja baadaye simu ya Corwin ikalia mfukoni: cheti kimefika. Alikifungua kwa tabasamu la fundi anayetazama kazi yake, na tabasamu likamkauka.

Hapakuwa na njiwa. Hapakuwa na waridi. Ilikuwa karatasi ya kijivu, yenye mistari isiyolingana, tarakimu ndefu, na nembo iliyobandikwa kombo. Hakuna tapeli duniani awezaye kutengeneza kitu kibaya kiasi kile. Ubaya wa namna ile hutoka serikalini tu.

Alitoka nje akasimama katikati ya bata mzinga, akampigia Twila.

"Hiki ni nini?"

"Cheti cha ndoa."

"Cheti gani? Kina namba! Nimeitafuta kwenye tovuti ya kaunti, majina yetu yapo!"

"Yangekosekanaje? Leseni uliiomba mwenyewe. Kushoto, kulia, mbele."

Wazo jingine likamjia Corwin, baya zaidi. "Twila. Yule wa Haifa."

"Yaniv? Niliwapeleka kwa karani wa kaunti akawafungisha upya, ndoa yao ni halali. Wana mtoto wa pili sasa."

"Na wale manesi?"

"Wote. Mia mbili na kumi na nne, Corwin, zote zimesajiliwa. Kila mteja aliyefuata nilimpeleka kaunti kwanza. Wewe nilikusajili uchungaji kesho yake baada ya ile ya Haifa, ilichukua dakika nne. Mimi nilijisajili mwezi uliopita, kwa ajili yako."

"Una maana," Corwin alisema polepole, na bata mmoja akamdonoa kamba ya kiatu, "kwamba miaka miwili mizima mimi nimekuwa mtu mwaminifu?"

"Pole sana."

"Bila kuniambia!"

"Ungeacha."

"Kwa nini, Twila?"

"Yule bibi aliibusu skrini," alisema Twila. "Nikaenda kuifuta ile krimu baada ya kuzima, nikakuta upande wetu hakuna kitu. Sikulala vizuri. Asubuhi nikaifungua tovuti ya kaunti. Basi."

"Na Bi LaVon? Mimi mwenzako unaniingiza mkenge kwa mtu baki?"

"Alinipigia baada ya ile Jumapili ya pili. Akaniuliza, huyu mtu anapiga? Nikamwambia hapigi. Akauliza, anakunywa? Nikasema soda tu. Akauliza, anadanganya? Nikasema kama anavyopumua. Akasema, hilo la mwisho nitalimudu. Corwin, nina mteja mwingine kwenye simu." Na akakata.

Sasa, tumheshimu Corwin kwa jambo moja: hakukaa chini muda mrefu. Kabla hajafika mlangoni alikuwa ameshapata upande wa jua. Mume wa halali! Nani alisema ni hasara? Mume wa halali wa mwanamke mwenye shamba kando ya barabara mpya! Aliingia jikoni uso umenyooka, akamkumbatia mkewe.

"Mpenzi, tuzungumzie ile hati ya shamba."

"Ya mabinti zangu?" aliuliza Bi LaVon, akikata keki.

"Ya... nani?"

"Shamba niliwaandikia mwezi uliopita, kwa wakili mjini Manti. Wewe mwenyewe umesaini kwamba hulidai. Ile saini ya huku chini, kwa Twila. Mimi nina haki ya kukaa humu hadi nife, na mume wangu pia, akipenda. Ongeza keki?"

Afton na Norda waliacha kutafuna ili wasikie vizuri.

"Ulijua," Corwin alisema.

"Nilijua kabla hujamaliza jeli. Hakuna mwanaume aliyewahi kumaliza jeli yangu bila kutaka kitu." Bi LaVon akaweka kisu chini. "Sikiliza, bwana. Niliishi na marehemu mume wangu Arvel miaka arobaini na moja. Mkweli kama mizani. Hakuwahi kunidanganya na hakuwahi kunichekesha, hata kwa bahati mbaya. Nimebakiwa na muda mdogo, na nyumba hii kimya chake kinanipigia kelele. Nataka kucheka. Nilikuona wewe unafaa."

"Nitakwenda kwa hakimu! Nitasema ndoa hii ni ya uongo!"

"Nenda. Utamwambia ulidhani unamwibia mjane, ukashtukia umemwoa? Nitakuja kusikiliza. Norda, tutaenda naye?"

"Nitafungasha na vitafunio," alisema Norda.

Corwin alichukua funguo zake kwa hadhi yote aliyobakiwa nayo, ambayo ingeenea kwenye kijiko, akatoka. Alikanyaga mafuta hadi Nephi, kwenye njiapanda ya barabara kuu. Kushoto, kusini, ilikuwa njia ya Nevada, mahali ambapo hakuna aliyemfahamu. Alikuwa ameshawasha taa ya kukata kushoto simu ilipolia.

"Una ndoa," alisema Twila. "Sasa hivi."

"Sifungishi tena. Mtu aliyeonewa kama mimi?"

"Baharia, yuko bandarini Brazil. Meli inang'oa nanga baada ya dakika ishirini na tano, harudi kwa miezi tisa. Mwenzake yuko Cebu, ana mimba kubwa, anataka mtoto azaliwe na jina la baba yake. Mimi sauti imenikauka na ile harusi yako. Nimeshawaunganisha."

Skrini ikagawanyika. Upande mmoja kijana mwenye ovaroli ya machungwa, mwingine msichana mwenye tumbo kubwa, kajifunga maua kichwani, jogoo wanawika nyuma yake. Corwin aliingiza gari uani mwa kituo cha mafuta. Hakuwa na pazia wala tai, na mdomoni bado alikuwa na ladha ya keki yake mwenyewe.

"Majina yenu," alisema. "Herufi kwa herufi, tafadhali."

Wakayataja. Akayarudia. Akaomba wayataje tena, asikosee hata herufi moja. Hotuba ya vikombe na midomo ikamkimbia yote. Alifika kwenye maneno aliyoyatamka mara mia mbili na kumi na nne, kama kasuku, "Kwa mamlaka niliyopewa," na hapo akakwama. Alikuwa nayo kweli.

"Mchungaji?" msichana aliita. "Mtandao umekata?"

"Haujakata, mwanangu. Ni mimi." Akakohoa. "Kwa mamlaka niliyopewa, nyinyi ni mume na mke."

Baharia alifunika uso kwa kofia yake ya chuma. Msichana alicheka na kulia kwa pamoja, na mtu nyuma yake akapiga sufuria.

"Mchungaji, na wewe una mke?" aliuliza baharia, honi ya meli ikilia.

"Ninaye."

"Miaka mingapi?"

Corwin akatazama saa. "Tumemaliza saa nne na dakika kumi."

"Sasa unafanya nini kwenye gari?"

Corwin akanyoosha mkono, akaizima taa ya kukata kushoto iliyokuwa bado inawaka. Kisha picha ikaganda, meli ikaondoka na mume wa watu.

Jua lilikuwa limeshuka juu ya mabanda alipoegesha pikapu uani. Dada wawili walikuwa wamekwenda zao. Bi LaVon alikuwa barazani, mguu wenye nyonga mbovu juu ya ndoo iliyofudikizwa, na hakumuuliza alikotoka. Kutokuulizwa kulimsumbua Corwin kuliko mahakama.

"Nilikwenda Nephi kukununulia maua," alianza, akivua kofia. "Nikayapata, tena mazuri. Lakini pale njiapanda nikakutana na gari la bwana mmoja mwenye mbuzi kumi na wanane..."

"Kumi na wanane," alisema Bi LaVon, na bega lake likaanza kutikisika.

"Nahesabu vizuri. Na mmoja wao alikuwa amevaa kengele."

Bi LaVon akaisukuma ile ndoo kwa mguu mpaka ikamfikia, akamwashiria aketi.

"Haya," alisema. "Maua yalikuwa ya rangi gani?"